Kubaki Nyumbani ao Kuondoka?

Somo la usalama kwa wafanyakazi na jamaa zao



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, miwani na mashine. Leo tunaingia nyumbani. Tutajifunza jambo moja ambalo watu wengi wanaanza kulifikiri wakati hatari imekwisha kufika mlangoni: je, inafaa kubaki ndani ya nyumba, ao kuiacha na kwenda?

Mfanyakazi wa chini ya ardhi anajua jibu la ulizo hili, kwa sababu alifundishwa. Moto ukiwaka ndani ya mgodi, anavaa chombo chake cha kupumulia na kufuata njia ya kutokea aliyoonyeshwa. Kama moshi umeziba njia, hajaribu kupita kwa nguvu. Anaingia chumba cha kukimbilia, anafunga mlango na kungojea watu wa kuokoa. Siku moja anaondoka, siku nyingine anabaki. Hakuna anayemwita mwoga kwa kuondoka, wala mjinga kwa kubaki. Nguvu yake ni kwamba hakuanza kufikiri siku ya moshi. Alifikiri zamani, siku ya amani, pamoja na kapita wake na wenzake.

Lakini nyumbani ni namna gani? Bibi yake, watoto wake, mzee wake asiyeweza kutembea vizuri, ni nani aliyewaonyesha njia? Na kama hatari inakuja saa nane ya usiku, naye baba yuko kazini, ni nani atakayeamua? Ndiyo sababu ya somo hili.

1. NYUMBA NI MLINZI, LAKINI SI KWA KILA HATARI

Watu wengine wanasema: "Kukitokea jambo, mimi nakimbia mara moja." Wengine wanasema: "Mimi siachi nyumba yangu hata kidogo." Wote wawili wameamua mbele ya kujua hatari ni ya namna gani. Ni kama mganga anayetoa dawa mbele ya kumpima mgonjwa.

Nyumba ya matofali iliyofungwa vizuri inaweza kuzuia hewa mbaya kwa muda. Kuta zake zinasaidia pia kama risasi zinapigwa njiani. Lakini nyumba hiyo haiwezi kuzuia mto uliojaa, wala udongo wa mlima unaoteremka, wala moto wa volkano. Hatari za namna hii hazipiti juu ya nyumba na kwenda zao. Zinakula nyumba yenyewe pamoja na waliomo.

Basi tushike kanuni hii, hata mtoto wa shule ataweza kuikumbuka:

Hatari inayopita kwa hewa na kwisha upesi: ingia ndani, funga.

Hatari inayokuja kwa ardhi na kula nyumba: toka, tena mapema.

Kanuni hii haimalizi mambo yote, lakini inatupa mwanzo mzuri. Sasa tutazame mambo yaliyotokea kweli katika nchi yetu.

2. GOMA: MLIMA MMOJA, HATARI MBALIMBALI

Mlima Nyiragongo una urefu wa karibu metre 3,470. Uko kaskazini ya mji wa Goma, na watu wa mji mara nyingi wameuona mwekundu usiku mbele ya kulala. Katika miaka isiyofika 50 mlima huo ulitoa lava mara tatu kuelekea watu, na kila mara ulitoa fundisho lake.

Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima lilipasua ubavu na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava hiyo ilikuwa nyepesi sana, ikateremka mbio kama gari, ikafunika vijiji vya chini ya mlima na kuua watu wengi. Hapo hapakuwa na wakati wa kufunga mizigo. Fundisho lake ni hili: kama unakaa karibu sana na hatari, uamuzi wako sherti uwe tayari, kwa maana wakati hautapewa.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ardhi ilipasuka ubavuni mwa mlima, na mipasuko ikateremka mpaka karibu na mji. Lava ikapita kati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwa Kivu. Ilikata mji vipande viwili. Lakini mara hii ilitembea polepole zaidi mjini, na watu wengi waliweza kuikimbia kwa miguu. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, wengi kwenda Gisenyi katika Rwanda, wengine kuelekea Sake. Watu wapata 120,000 walipoteza makao yao. Waliokufa walikuwa wengi, zaidi ya mia moja, lakini tukifikiri ukubwa wa mji na moto uliopita katikati yake, tunaona kwamba miguu iliyoondoka kwa wakati iliokoa maisha ya watu wengi sana. Nyumba ziliteketea, wenye nyumba wakabaki hai.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, mbingu ikawa nyekundu tena wakati wa magharibi. Watu hawakuwa wamepewa habari mbele. Wakatoka usiku na magodoro kichwani, wengine kuelekea mpaka wa Rwanda, wengine kuelekea Sake. Lava ikasimama Buhene, pembeni ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi ya siku ya Mungu wengi wakaanza kurudi. Lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka siku nyingi, kuta zikapasuka. Tarehe 27, mkubwa wa jimbo akatoa amri: watu wa sehemu 10 za mji, katika sehemu zote 18, waondoke upesi. Sababu ni kwamba wataalamu waliona alama za moto chini ya mji na chini ya ziwa. Watu karibu 400,000 wakashika njia. Moto wa pili haukutoka, na kuanzia mwezi wa sita watu wakaruhusiwa kurudi polepole.

Tazameni vizuri habari hii ya 2021. Jamaa nyingi ziliamua mara tatu kwa juma moja: kuondoka, kurudi, na kuondoka tena. Hatari inabadilika, na uamuzi sherti ubadilike pamoja nayo. Aliyesema jana "nabaki" hapotezi heshima akisema leo "naondoka".

Watu wengine, kisha kuona kwamba moto wa pili haukutoka, walisema: "Tulisumbuliwa bure." Hapana. Mfanyakazi anayetoka mgodini kwa sababu ya kengele, kisha akute hakuna moto, hajapoteza kitu ila jasho. Anayedharau kengele kumi anaweza kufa kwa kengele ya kumi na moja.

3. MAULIZO MATATU YA KUJIULIZA

Siku ya hatari akili inaruka huku na huku. Kwa hiyo tuipe kazi ndogo, yaani maulizo matatu, yafuatane hivi:

a) Hatari hii ni ya namna gani, na inatembea wapi? Je, inakuja kwa hewa ao kwa ardhi? Inateremka kutoka mlimani? Inafuata bonde la mto? Upepo unaipeleka upande gani? Moto wa volkano na maji vinafuata pahali pa chini. Hewa nzito za viwanda pia zinatafuta pahali pa chini. Anayekaa bondeni na anayekaa juu ya kilima hawana jibu moja, hata kama ni ndugu.

b) Nina wakati gani? Kutoka kwangu mpaka pahali pa salama ni dakika ngapi kwa miguu pamoja na watoto? Usihesabu mbio za kijana. Hesabu mwendo wa mtu wa mwisho: mzee, mama mwenye mimba, mtoto wa miaka minne. Kama mtu wa mwisho anahitaji saa mbili, jamaa yote sherti iondoke saa mbili mbele, ao zaidi.

c) Je, njia iko wazi, na salama kupita nyumba? Ulizo hili ndilo watu wanalolisahau. Njia pia inaua. Usiku ule wa 2021, watu wengine wa Goma walikufa katika aksida za gari wakati wa kukimbia, kwa sababu ya giza, haraka na magari yaliyojaa kupita kipimo. Watoto zaidi ya 150 walitengana na wazazi wao. Kama hatari inakula nyumba, sherti kuondoka hata kama njia ni ngumu. Lakini kama hatari inapita tu nje, na njia ndiyo imejaa hatari hiyo, basi nyumba ni bora kuliko njia.

Mfano mwingine wa hatari ya ardhi tuliuona Kalehe, katika Kivu ya Kusini, tarehe 4 mwezi wa tano 2023. Kisha mvua kubwa, mito ilibeba mawe na matope, ikapiga vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Pahali kama hapo, kufunga mlango hakusaidii kitu. Anayekaa chini ya mlima ao kandokando ya mto asingojee kuona maji mlangoni. Mvua ikinyesha bila kupumzika, maji ya mto yakigeuka rangi ya matope mazito, ao yakipungua kwa ghafula wakati mvua ingali inanyesha, ajue kwamba mlima unatembea. Apande juu, mbali na njia ya maji, si kuifuata kwenda chini.

4. WAKATI WA KUBAKI: HEWA MBAYA NA ASIDI

Sisi watu wa migodi na viwanda tunakaa karibu na vitu vikali. Asidi ya salfa inatumiwa kwa kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe, na makamiyo yanaibeba njiani kila siku. Mwezi wa pili 2019, kamiyo iliyobeba asidi iligongana na basi karibu na Tenke. Watu karibu 20 walikufa. Kamiyo la namna hii likianguka, usikimbilie kutazama, wala kukinga maji yanayotoka ndani, wala kuokota vitu. Kaa mbali, kwa upande upepo unakotoka. Asidi ikikurukia, vua nguo mara moja na kujimwagia maji safi mengi kwa dakika 20 ao zaidi, kisha nenda kwa mganga.

Hewa inayotoka kiwandani kwa aksida ni jambo lingine. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, hewa ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu. Ilikuwa nzito kupita hewa ya kawaida, ikatambaa chini, ikaingia katika nyumba za maskini zilizokuwa karibu. Watu waliamka wakikohoa, macho yakiwaka, wakatoka mbio bila kujua upepo unakwenda wapi. Wengi walikimbia ndani ya hewa ile ile. Na mtu anayekimbia anavuta pumzi nyingi zaidi. Maelfu wakafa. Hakuna aliyekuwa amewafundisha mbele namna ya kufanya.

Kwa hiyo, kama kengele ya kiwanda inalia kwa sababu ya hewa mbaya, ao unasikia harufu inayouma pua na kukohoza, fanya hivi:

Ingiza watoto wote ndani. Usitume mtoto nje kuita mwingine. Wewe mwenyewe piga kelele toka mlangoni.

Funga milango na madirisha. Lowesha vikwembe na mataulo, ziba nafasi ya chini ya mlango na matundu ya dirisha.

Zima moto. Usiingize mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama ni usiku wa baridi. Makala yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ndiyo ile ile inayoua wachimbaji wakati wa moto wa mgodi. Jamaa iliyokimbia sumu ya nje isiuawe na sumu ya ndani.

Wekeni kitambaa kilicholoweshwa puani na kinywani. Kaeni katika chumba kisicho na madirisha mengi, upande wa mbali na kiwanda. Msilale chini sakafuni, kwa maana hewa nzito inakaa chini.

Sikilizeni redio na watu wa usalama. Wakisema hatari imekwisha, fungueni yote na kutoka nje, ili hewa iliyobaki ndani iondoke.

Na kama hewa inakukuta njiani? Tazama moshi wa majiko ao majani ya miti, ujue upepo unakwenda wapi. Usikimbie mbele ya upepo, kwa sababu hewa itakufuata. Usielekee kiwandani. Kata kwa upande, kwa mkono wa kuume ao wa kushoto wa upepo, mpaka utoke katika hewa hiyo, na kupanda pahali pa juu.

Lakini kama nyumba ni ya majani ao ina matundu mengi, na watu wa usalama wanasema muondoke, basi muondoke. Kubaki ni kwa muda mfupi, si kwa siku nzima.

5. BABA YUKO KAZINI

Sasa tuseme neno ambalo jamaa nyingi za kampi zinaliogopa. Hatari inakuja, na baba yuko chini ya ardhi. Mama anajiuliza: "Nikiondoka bila yeye, atasema nini? Akirudi na kukuta nyumba tupu?" Anangoja. Na baba kule kazini anafikiri: "Watoto wangu!" Anaacha kazi yake na kukimbia kuvuka pahali pa hatari. Hapo watu wawili wanaopendana wanaweza kupotea, kila mmoja kwa kumtafuta mwenzake.

Ndugu mfanyakazi, dawa ya jambo hili iko kinywani mwako, lakini sherti uitoe leo. Sema na bibi yako mbele ya watoto: "Siku ya hatari, mtu mkubwa aliyeko nyumbani ndiye anayeamua. Usiningojee. Mimi kazini nina wakubwa wa usalama, nitatoka pamoja na wenzangu. Tutakutana pahali fulani." Mchague pahali pawili: pa kwanza karibu, kama kiwanja cha shule; pa pili mbali, kwa ndugu ao rafiki anayekaa nje ya mji. Majina ya pahali hapo na namba ya telefone ya ndugu huyo yaandikwe katika karatasi, na kila mtoto ajue kuyasema kwa kichwa. Siku ya hatari telefone zinakataa mara nyingi. Pahali mlipopatana hapakatai.

Neno hili halipunguzi heshima ya baba. Askari mkubwa anayempa msaidizi wake ruhusa ya kuamua wakati yeye hayupo, huyo ndiye mkubwa wa kweli.

6. "NANI ATALINDA VITU VYANGU?"

Watu wengi wanabaki, si kwa sababu hawajui hatari, bali kwa sababu ya wezi. Tusiwacheke. Mashine ya kushonea, redio, mabati, kuku, ni jasho la miaka mingi. Na ni kweli kwamba wezi wanapenda mji mtupu.

Lakini tupime vizuri. Mwizi anachukua redio. Lava inachukua redio, nyumba na mlinzi wake. Kama amri ya kuondoka imetolewa, asibaki mtu hata mmoja wa kulinda, wala kijana, wala mzee anayesema "mimi nimekwisha kuishi". Funga mlango, chukua mfuko, nenda.

Mfuko huo utengenezwe siku ya amani, na kuwekwa karibu na mlango. Ndani yake mtie:

Karte za kitambulisho, karte ya kazi, karte za lopitali na za chanjo za watoto, vyeti vya shule, vyote ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Dawa za mgonjwa wa kila siku: za damu kupanda, za sukari, za kifafa, za kifua kikuu. Zitoshe juma moja.

Bidoni ya maji safi, chakula kisichohitaji kupikwa, torshi, redio ndogo, kiberiti, sabuni, kikwembe na nguo ya baridi kwa kila mtoto.

Franka kidogo katika noti ndogo.

Ukiondoka, zima moto wote na umeme. Mtoto mdogo abebwe mgongoni. Wakubwa washikane mikono. Mwite jirani ambaye ni mzee ao mgonjwa. Gari likijaa kupita kipimo, afadhali miguu.

Kule mnakofika, hatari nyingine inangoja. Katika Kivu kuna pahali pa chini ambapo hewa ya volkano inakusanyika bila kuonekana. Wenyeji wanaiita mazuku. Inaua mbuzi, inaua na mtu aliyelala. Kwa hiyo msilale ndani ya mashimo wala mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri ambapo hakuna upepo. Tena pahali penye watu wengi bila choo, kolera inafuata. Mwaka 1994, karibu na Goma, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni, hata kama mmechoka namna gani.

7. NI NANI WA KUSIKILIZA?

Siku ya hatari maneno yanakimbia kupita moto. Huyu anasema "ziwa litapasuka", mwingine anasema "uongo mtupu, rudini". Patana na jamaa yako leo juu ya watu mtakaowasikiliza: wakubwa wa mji, shefu wa kampi, watu wa usalama wa Kampani, Msalaba Mwekundu, redio mnayoijua. Habari yoyote nyingine, uliza kwanza: nani amesema, na aliona wapi?

Amri ya kuondoka ikitolewa, ifuate bila mabishano. Wakubwa wanaweza kuona mbali kupita macho yako ya mlangoni. Lakini kama hatari unaiona mwenyewe, maji yanapanda, ardhi inapasuka, moto unateremka, usingojee amri. Watu wa Goma usiku wa tarehe 22 hawakungojea karatasi, na walifanya vizuri. Kutoka mapema hakuhitaji ruhusa. Kubaki kisha amri, huko ndiko kunakokatazwa.

8. KURUDI NI SEHEMU YA KUONDOKA

Watu wanadhani hatari imekwisha wakati moto unaposimama. Goma ilitufundisha vingine. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2002, siku ine kisha lava kuingia mjini, watu walikuwa wakichota esansi pahali pa kuuzia, karibu na lava iliyokuwa bado na moto. Esansi ikawaka na kupasuka. Makumi ya watu wakafa hapo. Walikuwa wameokoka moto wa mlima.

Mwaka 2021 vilevile, watu kadhaa walikufa kwa kujaribu kukata njia juu ya lava iliyoanza kupoa. Juu ilionekana nyeusi kama jiwe, lakini ndani ilikuwa na moto, na hewa iliyotoka katika nyufa ikawaziba pumzi.

Kwa hiyo tusirudi mbele ya kuruhusiwa. Na siku ya kurudi, baba ao mama aende kwanza mchana, bila watoto. Atazame kuta na paa kutoka nje mbele ya kuingia. Asiwashe kiberiti kama kuna harufu ya esansi ao gazi. Asishike nyuzi za umeme zilizoanguka. Maji ya kisima yasinywewe mpaka yapimwe ao yachemshwe.

MANENO YA KUSHIKA

Hatari ya hewa inayopita: ingia, funga, ngojea. Hatari ya ardhi inayokula nyumba: toka mapema.

Jiulize mara tatu: ni ya namna gani? nina wakati gani? njia ni salama?

Aliyeko nyumbani ndiye anayeamua. Tunakutana pahali tulipopatana.

Kitu kinanunuliwa tena. Mtu hanunuliwi.

MAULIZO KWA JAMAA

Tunaomba kila jamaa ikae pamoja jioni moja ya juma hili, kisha chakula, na kujibu maulizo haya. Watoto wajibu kwanza, wazazi wasahihishe.

1. Nyumba yetu iko pahali pa juu ao pa chini? Mto, mlima, kiwanda ao njia ya makamiyo ya asidi iko upande gani?

2. Upepo wa hapa kwetu unatoka wapi zaidi wakati wa kiangazi? Na wakati wa mvua?

3. Kengele ya kiwanda ikilia usiku na baba yuko kazini, mama atafanya nini kwanza? Mtoto mkubwa atafanya nini?

4. Pahali petu pa kukutana ni wapi? Kama hapo hapafikiwi, pa pili ni wapi?

5. Nani katika njia yetu hawezi kutembea peke yake? Nani atamsaidia?

6. Karte zetu ziko wapi sasa hivi? Mtu anaweza kuzishika gizani kwa dakika moja?

Kama ulizo moja limekosa jibu, hapo ndipo kazi ya kesho ilipo. Jaribuni pia kutembea pamoja mpaka pahali pa kukutana, na kuhesabu dakika kwa mwendo wa mdogo wenu. Ni matembezi ya mchana tu, na watoto watayafurahia. Lakini siku hatari ikija, miguu yao itajua njia hata kama macho hayaoni.